Starehe ya Nyumbani: Hitaji au Ziada? Mjadala wa Thika na Ruiru

Mijadala kuhusu maisha ya mjini nchini Kenya huanza na kodi ya nyumba, nauli, karo na bei ya unga, na kwa kawaida huishia papo hapo, kana kwamba kaya, yaani watu wanaokula kutoka chungu kimoja, wawe wa ukoo mmoja au wasiwe, haina jambo jingine la kuishi kwalo ikishalipa inachodaiwa. Hoja inayojadiliwa hapa ni ile inayoachwa nje. Je, starehe ndogo ndogo za nyumbani, kama vile chakula kilichopikwa kwa subira, kinywaji cha jioni, na mbwa au paka anayemlaki mtu mlangoni, zihesabiwe miongoni mwa mahitaji ya kaya yenye kipato cha kawaida, au ni ziada inayofaa kungojea siku za neema?

Thika na Ruiru zinafaa mjadala huu kuliko miji mingi. Miji hii ya Kaunti ya Kiambu imezungukwa na karibu kila kitu ambacho starehe ya mezani hutengenezwa nacho: mashamba ya mananasi ya Del Monte yametanda nje ya Thika, kiwanda cha Bidco kimekuwa kikitengeneza mafuta ya kupikia mjini humo tangu mwaka 1991, kampuni ya Capwell hufungasha mchele na kusaga unga, maziwa ya Brookside husindikwa Ruiru, na kituo cha utafiti wa kahawa kiko Ruiru hiyo hiyo. Papo hapo ni miji ambayo wengi huilalia tu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 490,120 Ruiru na 251,407 Thika, na idadi hiyo ya Ruiru ilikuwa imezidi maradufu ya ile ya mwaka 2009. Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012 na Rais Mwai Kibaki, maelfu huondoka alfajiri kuelekea Nairobi na kurudi usiku, kiasi kwamba nyumba wanayoilipia hawaioni mchana isipokuwa Jumapili. Swali la starehe ya nyumbani, kwa watu kama hao, linawagusa kila siku.

Wasemaji ni watatu, nao wanatambulishwa kwa nafasi zao: Mhasibu, anayetetea akiba na kiasi, Mpishi, anayetetea starehe, na Mpangaji, anayeanza kwa kusikiliza.

MHASIBU. Hitaji lina kipimo kinachoeleweka, nacho ni madhara yanayotokea likikosekana. Mtoto asipolipiwa karo hurudishwa nyumbani, na mgonjwa asipopata dawa hali yake huzorota, lakini hakuna aliyewahi kudhurika kwa kukosa chapati za Jumapili. Kaya inayoweka chapati, soda, mvinyo na chakula cha mbwa katika safu moja na karo imeanza kujidanganya, kwa sababu starehe ina tabia ya kupanda ngazi: ya mwaka huu huwa kawaida ya mwaka ujao, na kawaida hiyo hudai starehe nyingine juu yake. Chama cha kuweka akiba na hisa za sako, yaani ushirika wa akiba na mikopo, ndivyo vilivyowanunulia wengi wa Ruiru vipande vyao vya ardhi, na kila shilingi iliyokwenda huko ilitolewa mahali fulani palipokuwa na kishawishi.

MPISHI. Kipimo hicho ni kifupi mno, kwa maana kinapima kifo na kuacha uhai. Tena kinachukulia kwamba starehe ni kitu kinachonunuliwa kwa bei ya juu, ilhali sehemu kubwa ya starehe ya jikoni katika eneo hili imetoka kwenye vyakula vya bei ya chini kabisa. Githeri ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, chakula kinacholisha shule nzima kwa gharama ndogo. Githeri hiyo hiyo, ikilowekwa usiku, ikachemshwa hadi punje zipasuke, kisha ikakaangwa kwa kitunguu, nyanya, viazi na dania, na kuachwa kidogo ili mchuzi uingie ndani ya punje, huwa chakula ambacho mtu aliyelelewa Kiambu hukikumbuka akiwa popote duniani. Mukimo, yaani viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na majani ya malenge mpaka vikawa kijani kibichi, hauna kiungo hata kimoja cha kifahari, na hata hivyo hakuna ruracio, yaani sherehe ya mahari, inayofanyika bila mukimo. Tofauti kati ya githeri ya kushibisha na githeri ya kufurahisha ni kitunguu na saa moja ya ziada.

Kauli hiyo ya mwisho ndiyo iliyompa Mhasibu nafasi ya kutoa hoja yake nzito kuliko zote alizozitoa kuhusu chakula, na inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa wanaosifu mapishi ya nyumbani huipita haraka.

MHASIBU. Saa hiyo ya ziada ni ya nani? Mahindi makavu huchukua saa kadhaa kuiva, na saa hizo zina gharama mbili: ya moto na ya mtu. Kuhusu moto, mkaa ulipanda bei baada ya serikali kusimamisha ukataji wa miti katika misitu mwaka 2018, na mtungi wa gesi wa kilo 6 ulio katika nyumba nyingi za kupanga huisha mapema mno ukitumiwa kuchemshia maharagwe. Kuhusu mtu, jibu linajulikana na kila mmoja: anayeloweka, anayechambua, anayegeuza na anayeosha sufuria ni mwanamke, mara nyingi baada ya kushuka kwenye matatu saa mbili usiku. Starehe inayomfurahisha mmoja kwa kumchosha mwingine haifai kuitwa starehe ya kaya. Ndiyo maana, jioni, kando ya barabara za mitaa ya Makongeni na Kimbo, wanawake wanauza githeri na maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa, yakipimwa kwa kikombe, na wanunuzi wao hawajakosa mapenzi ya chakula. Wamepiga hesabu ya muda wao.

MPISHI. Hoja hiyo inakubaliwa yote, na inazidi kuimarisha upande wa starehe. Githeri ya kando ya barabara hufika nyumbani ikiwa imechemshwa, lakini bado haijakaangwa. Mnunuzi amenunua saa tatu za moto na kujibakishia nusu saa ya mwisho, ambayo ndiyo yenye ladha. Hilo ni tendo la mtu anayeithamini starehe kiasi cha kuitafutia njia. Na kuhusu mgawanyo wa kazi, tiba yake ni kumwingiza mwanamume jikoni. Mwanamume wa Thika anayesimama juu ya makaa Jumamosi akigeuza mbavu za mbuzi mbele ya marafiki, na kujisifu kwa ujuzi wake wa kujua ni lini nyama imeiva, ana mikono inayoweza kugeuza chapati Jumapili mbele ya watoto.

Hapa Mpishi yuko sahihi, na inafaa kusemwa waziwazi kwamba dhuluma iliyomo katika kuandaa starehe ni sababu ya kuigawa kazi upya, haiwi sababu ya kuifuta starehe yenyewe.

Mjadala uliendelea kwenye kahawa, ambako historia ya mahali inasema mengi. Chini ya ukoloni, Mwafrika alizuiwa kulima kahawa ya arabika karibu kote nchini Kenya hadi miaka ya 1930, ruhusa ilipoanza kutolewa kwa tahadhari huko Kisii na Meru, na katika maeneo mengi ya kati milango ilifunguka hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliokusudia kumpa mkulima Mwafrika hati ya ardhi na mazao ya biashara. Kabla ya hapo, wengi wa watu wa Kiambu waliijua kahawa kama vibarua wa kuichuma. Kituo cha Ruiru kilizalisha aina iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 ili kupambana na chulebuni, ukuvu unaoozesha matunda ya kahawa yakiwa bado mabichi, ambao ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1922, pamoja na kutu ya majani. Mti wake ni mfupi, kwa hiyo hekta moja hubeba miti mingi kuliko aina za zamani kama SL28, ambayo ladha yake inasifiwa na wanunuzi wa dunia nzima. Mwaka 2010 ikafuata aina ya Batian.

MPISHI. Basi hapa pana mji ambao jina lake limepewa mti wa kahawa, na ambao wakazi wake wengi hawajawahi kuonja kahawa iliyokaangwa na kusagwa kutoka shamba lililo mwendo wa miguu kutoka kwao. Kahawa ya Kenya karibu yote husafirishwa nje, na inayobaki ni sehemu ndogo sana. Mkulima alifundishwa kupanda, kunyunyizia dawa, kuchuma na kupeleka kiwandani, yaani mahali pa kukobolea na kuosha kahawa mbivu, na hakuna aliyemfundisha kuinywa. Watu wakizoezwa kwamba kilicho bora katika ardhi yao ni cha wengine, watazoea pia kudhani kwamba starehe yenyewe ni ya wengine.

MHASIBU. Watu wa Kiambu hawajakaa na kiu wakiingojea kahawa. Wana chai, majani na maziwa na sukari vikichemshwa pamoja katika sufuria moja mpaka povu lipande, na chai hiyo inakaribisha mgeni, inafungua kikao cha chama na kumwamsha mfanyakazi saa kumi alfajiri. Ni starehe ya bei ya chini iliyokwisha kupatikana, inayopata maziwa yake kwenye mashine za kuuzia maziwa ya kupimwa mtaani, ambako mtu hununua ya shilingi alizo nazo. Kumwambia mtu huyo kwamba amenyimwa kahawa ni kumtafutia huzuni asiyokuwa nayo.

Hakuna haja ya kuchagua kati ya hao wawili. Chai ni starehe kamili. Hata hivyo, hasara aliyoitaja Mpishi ipo, na inazidi kuwa ngumu kurekebishwa, kwa sababu mashamba yenyewe yanaondoka: Tatu City, mji mpya uliopangwa juu ya ekari zipatazo 5,000 zilizokuwa mashamba makubwa ya kahawa Ruiru, unasimama mahali ambapo kizazi kilichopita kilichuma buni.

Katika mji huo huo mpya ndimo ilimojengwa nyumba mpya ya kampuni ya mvinyo ya KWAL, iliyoanzishwa mwaka 1969 na ambayo miongo iliyopita ilijulikana kwa mvinyo wake wa papai, na hapo ndipo mjadala ulipogeukia kinywaji na kuwa mkali.

MHASIBU. Katika jambo hili ukarimu wa maneno una hatari. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha kileo kinachoweza kuhesabiwa kuwa salama kwa afya. Kiambu haihitaji shirika lolote kuiambia hivyo, kwa maana mwezi Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru pombe haramu zimwagwe katika eneo la kati, baada ya miaka ya wazazi kulalamika kwamba vijana wao wanaangamia. Kaya iliyozika kijana kwa sababu ya pombe isiombwe kutafakari uzuri wa bilauri ya mvinyo wakati wa chakula.

MPISHI. Heshima kwa waliofiwa haizuii swali la jinsi mambo yalivyofika hapo. Muratina, kileo cha asili cha Wagĩkũyũ, kilitengenezwa nyumbani kwa asali au maji ya miwa yaliyowekwa kwenye kibuyu karibu na joto la jiko pamoja na tunda la mwegea, lililokwisha kupasuliwa, kuchemshwa na kukaushwa, ambalo hutunza hamira ya kuchachulia na hukaushwa tena likatumika mara nyingine. Utengenezaji ulichukua siku, kiasi kilikuwa kidogo, na wanywaji walikuwa wazee, mbele ya watu waliowajua. Serikali ya kikoloni ilidhibiti vileo vya Waafrika, kiwanda cha bia kilichoanzishwa mwaka 1922 kikakua huko Ruaraka kwenye barabara ya Thika, na mwaka 1980 ikatungwa sheria ya kupiga marufuku chang'aa, yaani pombe kali ya kukenekwa, iliyodumu hadi ilipofutwa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010. Katika safari hiyo ndefu kunywa kulihama kutoka ua wa nyumba kwenda kwenye baa na vichochoro, na macho ya wazee yakabaki nyuma.

MHASIBU. Macho ya wazee yaliwalinda vijana. Hayakumlinda mke wa mzee. Nyumbani ndiko mlevi anakorudi.

Jibu hilo fupi ndilo lililoamua sehemu hii, na Mpishi hakulipinga. Alichobaki kutetea ni kidogo, nacho ni cha haki: kwamba mume na mke wanaofungua chupa moja ya mvinyo mwisho wa mwezi nyumbani kwao katika mtaa wa Membley au Ngoingwa, uwe wa Afrika Kusini au ule wa Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, hawastahili kutazamwa kama watu walioanza kupotea. Hata hivyo kileo hakiwezi kuingizwa katika mahitaji. Kinachostahili kuingizwa ni kile ambacho kileo hukisindikiza, yaani saa ambayo watu wazima wa kaya hukaa pamoja bila kufanya kazi yoyote, na saa hiyo huweza kukamilika kwa maji ya nanasi la Thika lililochemshwa na maganda yake na tangawizi.

Ilipofika zamu ya wanyama wa nyumbani, Mpangaji alisema kwa mara ya kwanza, na maneno yake yaligusa pia yote yaliyotangulia.

MPANGAJI. Wasemaji wawili wamekuwa wakijadili kile ambacho kaya inapaswa kuchagua, kana kwamba kaya ndiyo yenye kuchagua. Bedsita ni chumba kimoja chenye kitanda, meza ya jikoni na mlango wa bafu ndani ya kuta nne zile zile, nayo ndiyo nyumba ya maelfu ya watu Ruiru. Katika chumba hicho githeri haichemshwi kwa sababu mvuke wake hulala na nguo usiku kucha. Wageni hawaalikwi kwa sababu hawana pa kukaa isipokuwa kitandani. Na kuhusu mnyama, wenye nyumba wengi wameandika katika mkataba kwamba hairuhusiwi kufuga mbwa wala paka, hata pale ambapo panya wamejaa ghorofa nzima na paka mmoja angewafukuza bila mtu kununua sumu inayoweza kuokotwa na mtoto.

MHASIBU. Sharti hilo halikutokana na ukatili. Kichaa cha mbwa kiliripotiwa katika mbwa nje kidogo ya Nairobi tangu mwaka 1912, na hadi leo karibu kila binadamu anayekufa kwa ugonjwa huo ameumwa na mbwa. Dalili zikishatokea, kifo ni karibu hakika. Mwenye nyumba mwenye familia 40 katika jengo moja ana haki ya kuogopa.

MPANGAJI. Hofu hiyo ina dawa inayojulikana. Wataalamu wa afya wanasema kwamba mbwa 7 kati ya kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea, na Kenya ina mpango wa mwaka 2014 unaolenga kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana nao ifikapo 2030. Jeraha likioshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeumwa akapelekwa hospitali kuchanjwa, maisha huokolewa. Hatari kubwa inatoka kwa mbwa asiye na mwenyewe, anayezurura jaani, na mkataba unaokataza ufugaji haumwondoi huyo. Humwongeza, kwa sababu mpangaji anayehama Thika kwenda Ruiru humwacha mbwa wake nyuma.

MPISHI. Na mbwa mwenye kwao hali yake si nzuri sana pia. Nyuma ya malango yaliyoandikwa "Mbwa Kali" yupo mbwa anayefungiwa katika kibanda mchana kutwa ili awe mkali usiku, akilishwa ugali na mabaki ya bucha, na watoto wa nyumba hiyo wanakua bila kujua kwamba ana akili ya kucheza.

Hili ndilo jambo ambalo limezungumzwa kwa uchache kuliko mengine na ambalo mwandishi yeyote wa maisha ya Kiambu angepaswa kulishughulikia kwa bidii zaidi. Mbwa wa eneo hili aliheshimiwa kwa kazi yake ya kuwinda na kulinda, na paka kwa kazi yake ya kukamata panya; wazo la kumfuga mnyama kwa sababu ya uandamani peke yake mara nyingi limeonekana kuwa la kigeni. Lakini mzee aliyebaki peke yake Ngoingwa baada ya watoto kuhamia ng'ambo, anayemwita paka wake kwa jina kila jioni na kumgawia maziwa ya chai, hajaiga ugeni wa mtu yeyote. Anazungumza na kiumbe hai pekee aliyebaki nyumbani mwake, na kama kipimo cha Mhasibu ni madhara yanayotokea kitu kikikosekana, basi Mhasibu mwenyewe angelazimika kuhesabu upweke wa mzee huyo katika safu ya mahitaji.

Mhasibu, kwa uaminifu wake, aliuhesabu. Alikubali kwamba meza ya pamoja, chakula kinachopikwa kwa zamu na kiumbe wa kufugwa vina nafasi katika bajeti kabla ya mambo mengi yanayoitwa maendeleo, ila akashikilia kwamba kileo kibaki nje na kwamba kila matumizi yawe na kiwango kilichokubaliwa na wote wanaokula kutoka chungu kile. Mpangaji hakuridhika na bajeti. Alidai kwamba madai yaelekezwe kwa wanaoidhinisha ramani za majengo katika Kaunti ya Kiambu, wahakikishe kila nyumba ya kupanga, hata bedsita, ina dirisha la jikoni linalotoa mvuke nje, na jengo lote liwe na kipande cha ua au paa ambapo watu wanaweza kuketi. Na kwamba sharti la kukataza wanyama libadilishwe liwe sharti la kuonyesha cheti cha chanjo.

Kuhusu paka walikubaliana wote watatu. Kuhusu mbwa katika ghorofa ya tano hawakukubaliana: Mpangaji alisema cheti kinatosha, Mhasibu alitaka ridhaa ya majirani wa sakafu hiyo, na Mpishi, ambaye mtu angemtarajia kuwa upande wa Mpangaji, alisema kwamba mbwa anayefungiwa ndani tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili usiku, wakati wenyewe wako njiani na kazini Nairobi, hana starehe yoyote katika nyumba hiyo, na kwamba kabla ya kuuliza kama kaya inamhitaji, ni lazima iulizwe ni mtu gani wa kaya atakayekuwa nyumbani kwa ajili yake.